Anayeadhibu Naye Aulizwe

Mtu akitaja Sumbawanga mbele ya watu wa Dar es Salaam au Mwanza, utani unaofuata mara nyingi ni wa radi: kwamba huko wapo wazee wanaoweza kumtumia mtu radi jua likiwa linawaka. Wafipa, wenyeji wa huko, wamezoea kuucheka utani huo. Lakini kwenye uwanda wa juu wa Ufipa radi ni jambo zito. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, safu ya milima ya Mbizi inapita mita 2,000, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za ngurumo huandama mashamba ambayo mengi hayana miti. Anayepalilia mahindi katikati ya tambarare anaweza kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo jirani naye. Radi ikiua, mtaalamu wa hali ya hewa ana maelezo yake, na maelezo hayo ni ya kweli. Wafiwa wana maswali mengine: kwa nini yeye, kwa nini leo, na nani alikuwa amekosana naye? Swali hilo la mwisho likishapata jina la mtu, hasa mtu mzee, mjane au mgeni kijijini, adhabu haiko mbali. Itakuja kama kufukuzwa, kama nyumba kuchomwa moto usiku, au kama panga.

Kesi ya radi inafaa kupima nadharia zetu kuhusu adhabu, kwa sababu ndani yake hakuna mkosaji kabisa. Wanafalsafa wamegawanyika tangu zamani katika makundi mawili. Kundi la kwanza linatazama nyuma: mkosaji aadhibiwe kwa kuwa alitenda na anastahili. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1797, alisisitiza kwamba mtu asiadhibiwe kamwe kama chombo cha kuwanufaisha wengine. Kundi la pili, la Jeremy Bentham na wafuasi wake, linatazama mbele: adhabu ni maumivu, na maumivu ni mabaya, kwa hiyo yanahalalika pale tu yanapozuia maumivu makubwa zaidi. Sasa tuchukue kijiji ambacho watu wake wamemfukuza bibi mmoja kwa tuhuma za kurusha radi, kisha kijiji kikatulia, wafiwa wakaridhika na ugomvi wa koo mbili ukaisha. Anayetazama mbele peke yake atapata shida kueleza kosa liko wapi, maana faida imepatikana. Atasema labda hofu itaenea kwa wazee wengine, lakini hilo ni jibu la hesabu, na hesabu inaweza kugeuka. Anayetazama nyuma ana jibu la mara moja: bibi yule hakufanya lolote. Hapo Kant anashinda. Hata hivyo ushindi wake haututoshi, kwa sababu waliomfukuza nao wanasema alistahili. Neno hilo liko mdomoni mwa kila mwenye fimbo. Ndiyo maana naona kuna sharti la tatu ambalo nadharia zote mbili huliacha pembeni: anayetoa adhabu awe mtu au chombo kinachojulikana, kinachoweza kuulizwa kilijuaje, na kinachoweza kuwajibishwa kikikosea. Uwajibikaji wa mkosaji hauwezi kusimama bila uwajibikaji wa anayemwadhibu.

Historia ya Ufipa yenyewe inalifafanua sharti hili vizuri. Mwaka 1963 na 1964 vijiji vya uwanda huu vilipitiwa na wimbi la kusaka wachawi lililoitwa Kamchape. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka hiyo, aliliandikia makala mwaka 1968. Asili ya wimbi hilo ilikuwa kusini: miaka ya 1930 vijana walioitwa wamuchapi walizunguka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wakiwapanga wanakijiji mstari na kuwapitisha mmoja mmoja, huku mkuu wao akitazama sura zao katika kioo kidogo ili amtambue mchawi. Waliotajwa walisalimisha pembe na vibuyu vyao, wakapewa dawa, wakaonywa kwamba wakirudia uchawi watakufa. Ufipani watu walichanjwa dawa mwilini. Wasafishaji walikuwa vijana, na waliotiliwa shaka zaidi walikuwa wazee. Jina la Kamchape bado linasikika hadi leo, hasa mkoani Kigoma, na ndugu yake, lambalamba, anajulikana Rukwa, Katavi na Songwe: kikundi cha waganga kinaitwa kijijini, kaya zinachangishwa fedha, mashimo yanachimbwa kwenye nyumba za watuhumiwa, na kitu fulani kilichofungwa kitambaa kinatolewa mbele ya umati kuwa ndicho ushahidi.

Mtetezi wa Kamchape atasema kwamba ilikuwa adhabu ya upole kuliko ile ya serikali. Hakunyongwa mtu. Mtuhumiwa alisalimisha vitu vyake, akachanjwa, akarudi kuketi na wenzake, na kijiji kikaanza ukurasa mpya. Mfungwa anayetoka gerezani baada ya miaka saba hapati mapokezi kama hayo. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake moja ninaikubali kabisa: adhabu isiyo na njia ya kurudi inazalisha maadui wa kudumu, na magereza yetu yanaweza kujifunza hapo. Lakini tuangalie msamaha huo ulinunuliwa kwa bei gani. Ili asamehewe, mtu alitakiwa kwanza akiri jambo ambalo hakulifanya. Akikataa, kukataa kwake kulihesabiwa kuwa dalili ya uchawi. Na mganga aliyemtaja alikwisha kuchukua fedha zake na kwenda kijiji kingine kabla mtu hajamuuliza kioo chake kilionaje. Kijiji kilibaki na mzee aliyekwisha kubandikwa jina. Msiba mwingine ukitokea miaka miwili baadaye, kila mtu anajua pa kuanzia. Toba ya asiyekosa haimponyi yeye wala haimlindi jirani yake. Inaacha tu orodha ya washukiwa wa kesho.

Mtu asidhani kwamba mtego huu ni wa waganga na wanakijiji peke yao. Mwaka 2009 serikali yenyewe iliuingia. Watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa, hasa Kanda ya Ziwa, na viungo vyao kuuzwa kwa imani za kishirikina. Miaka iliyofuata ukatili huo ulifika Bonde la Rukwa, ambako mwaka 2013 na 2015 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo, watoto wakiwemo. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, alitamka kwamba anayekamatwa akiua albino naye auawe papo hapo. Alipobanwa bungeni kwa kauli hiyo, alilia akieleza uchungu wa yale aliyoyaona. Mwaka huohuo likaja zoezi la kura za siri: wananchi wakakusanyika, kila mmoja akapewa kikaratasi, akaandika jina la anayemshuku kwa mauaji ya albino au ujambazi, akakikunja na kukitumbukiza kwenye sanduku.

Kikaratasi hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Juu yake kuna jina moja tu, la mtuhumiwa. Jina la anayemtuhumu halipo, wala siku ya tukio, mahali, au alichokiona. Mwenye deni anaweza kumwandika anayemdai. Mke mwenza anaweza kumwandika mwenziwe. Watetezi wa kura hizo walikuwa na hoja ya kweli, kwamba shahidi anayejitokeza wazi anaweza kuuawa kabla ya kesi kuitwa, na kwamba polisi walizitaka kura kama mwanzo wa upelelezi tu. Kumficha shahidi kwa umma ni jambo la busara, na mahakama zinaweza kuweka utaratibu wa kumlinda. Ila kumficha kwa umma ni tofauti na kumfanya asiwepo kabisa. Mpelelezi anayejua nani amesema nini anaweza kurudi kumuuliza, kulinganisha maneno yake na ya mwingine, na kumshtaki akithibitika kuwa amesingizia. Sanduku la kura haliulizwi kitu. Kijijini, jina lililojitokeza mara nyingi linavuja kabla jua halijazama, na mwenye jina hilo ameshahukumiwa kwa wingi wa kura. Katiba ya nchi, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Katiba haikusema isipokuwa kama majirani ni wengi.

Umati una sifa ileile ya sanduku. Taarifa ya polisi inaposema marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", mauaji yametajwa na muuaji amefutwa. Aliyepiga yowe la mwizi hakurusha jiwe. Aliyerusha jiwe anasema halikumfikia. Aliyeleta tairi hakuwa na kiberiti. Watu hamsini wamemwadhibu mtu mmoja na hakuna hata mmoja aliyemwadhibu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huripoti vifo vya aina hii kila mwaka, na kwa upande wa tuhuma za uchawi, takwimu zilizokusanywa na serikali kati ya 1970 na 1984 zilionyesha zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara, wengi wao Usukumani na wengi wao wanawake. Idadi kubwa kiasi hicho haiwezekani kwa wauaji wenye majina wanaojua kwamba kesho wataulizwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa wananchi wenyewe, na halipaswi kupuuzwa. Wanasema: tunajichukulia sheria mkononi kwa sababu sheria haijichukulii yenyewe. Mwizi wa ng'ombe anapelekwa kituoni leo, kesho yuko mtaani. Kesi inatajwa na kuahirishwa mwaka mzima kwa maneno yaleyale, upelelezi haujakamilika. Shahidi wa Bonde la Rukwa anapanda kwenda Sumbawanga mjini kwa nauli yake, anaambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao haji. Kesi inafutwa. Malalamiko haya ni ya haki, hata kama baadhi yanatokana na kutoelewa kwamba dhamana ni haki ya mshtakiwa na haina maana ya kuachiwa huru. Hata Sungusungu, jeshi la jadi la wananchi walioanzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walizaliwa na wizi wa ng'ombe ambao dola ilishindwa kuudhibiti. Lakini malalamiko haya yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba dola nayo imekwepa kuulizwa. Mpelelezi aliyechelewesha jalada hana jina mbele ya mwenye ng'ombe, kama vile aliyewasha tairi asivyo na jina mbele ya mama wa marehemu. Dawa ya chombo kisichojibu maswali haiwezi kuwa chombo kingine kisichojibu maswali. Mwananchi anayedai jalada lake kwa haki anapoteza haki ya kudai siku anapobeba panga.

Wapo wanaodhani dawa ni ukali zaidi. Nchi hii imejaribu. Sheria ya viwango vya chini vya adhabu ya mwaka 1963 ilimtaka hakimu amfunge mtu aliyepatikana na hatia ya makosa kama rushwa na wizi wa mifugo, na kifungo hicho kiambatane na viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwaka 1972 sheria mpya iliviondoa viboko hivyo. Wizi wa ng'ombe haukuisha wakati vikiwepo. Miaka kumi baada ya kuondolewa, wafugaji walikuwa wakijiundia jeshi lao la jadi, na malalamiko yao hayakuwa kwamba viboko vimepungua. Walilalamika kwamba wezi hawakamatwi. Cesare Beccaria aliliandika jambo hili Italia mwaka 1764: adhabu ndogo isiyokwepeka inatisha kuliko adhabu kubwa yenye matumaini ya kuponyoka. Kwa hiyo hata kwa anayetazama mbele, anayejali kuzuia tu, swali linarudi kulekule: je, chombo kinachoadhibu kinafanya kazi yake, na kisipoifanya nani anakiuliza?

Kuna swali gumu zaidi kuhusu wale wanaoua kwa imani. Kijana anayeamini kwa moyo wote kwamba babu yake amemuua mtoto wake kwa radi, akamkata, amekosa kiasi gani? Mahakama za Afrika Mashariki zimeumiza kichwa juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Katika kesi ya Fabiano Kinene ya Uganda, mwaka 1941, washtakiwa walimkuta mtu usiku akitambaa uchi uani kwao, wakamuua wakiamini anawaroga. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba walikasirishwa ghafla, ikapunguza kosa kuwa la kuua bila kukusudia. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo ikaweka mipaka: imani tupu, hata ikiwa ya kweli moyoni, haimwokoi muuaji, ni lazima kitendo cha uchokozi kiwe kimefanyika mbele yake, na yeye awe ameua hasira ikiwa bado inawaka. Baadhi ya wasomi wameuona mpaka huo kuwa wa kikoloni, wa Mzungu asiyeelewa hofu ya Mwafrika. Sikubaliani nao, na sababu yangu ipo Ufipani kwenyewe. Uwanda huu umefundishwa katekisimu tangu Mapadre Weupe walipoingia Karema mwaka 1885, na kila aliyepata komunyo ya kwanza anajua masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, atendaye awe na ujuzi kamili, na aridhie kwa hiari yake. Masharti hayo yanapunguza lawama ya mwenye hofu ya ghafla, kama mahakama ilivyofanya kwa Kinene. Hayampunguzii anayesubiri siku tisa, akamlipa mtu wa kukodi, akachagua usiku usio na mbalamwezi na kukubaliana na ndugu zake nini cha kuwaambia polisi. Anayejificha hivyo anajua kwamba kuna swali asilotaka kuulizwa. Kumwambia kwamba hakuweza kujua ni kumdharau kuliko kumwadhibu.

Wengine hujitetea kwa mila: ndivyo tulivyo, tuacheni. Historia haiwaungi mkono. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kama wakulima watulivu wasiopenda vita, na Willis alikuta sifa hiyohiyo miaka themanini baadaye. Hofu ya uchawi ni ya zamani. Panga la kukodiwa na bei ya kiungo cha binadamu ni bidhaa za soko la juzi.

Sharti hili la kuulizwa linaibana serikali pia, na hapo ndipo wengi wanaolipigia makofi watanyamaza. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa kufanya uchawi akaishi mahali atakapopangiwa, baada ya uchunguzi wake mwenyewe, bila kesi mahakamani. Nia huenda ilikuwa kumwokoa mtuhumiwa na majirani zake, lakini anayeondolewa ni yeye, na majirani wanabaki wakijua kwamba bwana mkubwa amekubaliana nao. Adhabu ya kifo nayo ina kasoro ya namna hiyo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimisha jaji amhukumu kunyongwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia, awe aliyekodiwa kwa fedha au mwana aliyedanganywa na mganga kuhusu baba yake. Jaji Mwalusanya aliitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inatweza utu, kisha ikaiacha isimame kwa maslahi ya umma. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo, kabla ya uamuzi huo kutolewa, Tanzania ilikuwa imejiondoa katika tamko linaloruhusu watu binafsi kuishtaki mahakamani hapo. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyenyongwa, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema wazi kwamba hawezi kusaini. Jaji anasema sheria imemlazimisha, sheria inamwachia Rais, Rais haweki saini, na mfungwa anakaa miaka akisubiri. Ni adhabu ambayo kila anayeigusa anasema si yake.

Kutokana na hayo, yanayotakiwa Sumbawanga hayahitaji falsafa mpya. Kijiji kinachoita lambalamba kiandike kwenye muhtasari wa mkutano nani alipendekeza, nani alikusanya michango na nani alitajwa, na mwenyekiti aulizwe kwa saini yake pale damu itakapomwagika. Polisi wamjulishe mlalamikaji jina la mpelelezi wa jalada lake na tarehe ya hatua inayofuata. Shahidi anayetoka bondeni alipwe nauli, na asikilizwe siku aliyoitwa. Mkuu wa wilaya anayetaka kumhamisha mzee ili asiuawe aanze kwa kuwakamata wanaotishia kumuua. Jaji apewe nafasi ya kupima kiwango cha hatia badala ya kubebeshwa kitanzi kimoja kwa wote, na makosa madogo yaende zaidi kwenye adhabu za huduma kwa jamii ambazo sheria ya mwaka 2002 imeziruhusu, ili anayeadhibiwa aonekane na wenzake akilipa deni lake kisha arudi kuwa jirani. Haya yote yatachelewesha adhabu, na wenye hasira watasema haki inachelewa. Ni kweli itachelewa, kwa muda unaohitajika ili mtu mmoja ajitokeze na kusema: mimi ndiye niliyeamua, na sababu zangu ni hizi. Asiyekuwa tayari kusema hivyo hana haki ya kumgusa mtu, hata kama aliyemshika ni mkosaji kweli.